Séraphin Kashindi, Aliyehesabu Samoni Wanaopanda Mto

Mchungaji wetu, ndugu wa ukoo wa Kashindi, majirani wa Barking, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi wageni sita wa safu ya nyuma ambao mpaka asubuhi hii sikujua ni akina nani, mimi naitwa Aristote, ni mdogo wa marehemu, wa tumbo moja, na shemeji yangu Agathe amenikabidhi karatasi hizi nizisome kwa niaba ya familia, nami nitazisoma kama zilivyo pale ninapozielewa, na pale nisipozielewa nitawaambia wazi, maana wiki mbili hizi nimeambiwa mambo mengi na kichwa changu hakijatulia.

Kabla sijaanza, liko jambo ambalo wengi wenu mnalijua na wageni hawalijui, nalo ni kwamba Jumapili tarehe 14 Novemba 2021, sebuleni kwangu hapa Barking, mbele ya ukoo mzima, nilisimama nikatamka kwamba kaka yangu Séraphin ni mwongo na asiitwe tena kwenye vikao vya familia, na katika ukoo wetu mtu aliyetolewa kikaoni hatupiwi udongo na ndugu zake siku ya kuzikwa, mpaka yule aliyelitamka neno asimame mbele ya walewale waliolisikia na alitoe kwa mdomo wake. Agathe ameniuliza mara tatu wiki hii kama nitalitoa, na mara tatu nimemjibu kwamba sijui, na hata sasa nimeshika maikrofoni bado sijui.

Kuzaliwa. Marehemu Séraphin Kashindi alizaliwa Uvira, Kivu ya Kusini, tarehe 9 Septemba 1967 kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, na tarehe 1 Januari 1968 kwa mujibu wa karatasi alizopewa hapa Uingereza, kwa sababu siku alipofika hakuwa na cheti chochote mkononi na afisa wa uhamiaji alimpa tarehe hiyo kama alivyowapa wengi wetu, mimi mwenyewe nikiwemo, ndiyo maana kila mwaka mpya tulikuwa tukipigiana simu kupongezana kwa siku ya kuzaliwa ambayo si ya kwake wala si ya kwangu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Kashindi, karani wa bandari ya Kalundu, na marehemu mama Emérence, aliyeuza samaki soko la Mulongwe kwa miaka thelathini na minne.

Elimu. Alisoma shule ya msingi pale pale Uvira kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akaendelea na sekondari ya misheni, na akapata diploma ya serikali mwaka 1987 baada ya kurudia mtihani mara moja, maneno ambayo shemeji aliyaandika kisha akayakata kwa mstari, lakini yanasomeka. Siku ambazo hakuwa shuleni alikaa kwenye meza ya mama, na kazi yake ilikuwa kutenganisha samaki wa ziwa aina ya mikebuka, wa jana na wa leo, kwa sababu mama hakukubali kumuuzia mtu samaki wa jana akimwambia ni wa leo, na Séraphin alikuwa akimtambua samaki mmoja mmoja kwa uso, kwa jicho, kwa kovu la wavu, mpaka wateja wakamchekea.

Kazi ya kwanza. Kuanzia Septemba 1989 alifundisha hesabu darasa la tano na la sita, na kazi hiyo aliifanya, kwa vipindi, kati ya vita na vita, hadi alipolazimika kukimbia mwishoni mwa mwaka 2002, akapita Bujumbura, akapita Nairobi, na tarehe 17 Machi 2003 akatua London, ambako alipewa chumba Walthamstow pamoja na wanaume wengine watatu, mlango wa pili kutoka duka la mikate. Alifanya usafi wa ofisi, akabadilisha kampuni nne, na hakuna hata moja iliyomfukuza.

Ndoa na watoto. Alifunga ndoa na Agathe tarehe 12 Desemba 1998, kanisani Uvira, siku ambayo risasi zilisikika tangu asubuhi na mchungaji alifupisha mahubiri kwa dakika ishirini, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Israël aliyezaliwa Uvira mwaka 2001 na kuja hapa na mama yake mwaka 2008, na Raïssa aliyezaliwa hapa London mwaka 2010, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila anatujibu kwa Kiingereza, na nimemwambia leo alie kwa lugha anayotaka.

Sasa nafika mahali palipoandikwa Kazi ya pili, na hapa, wapendwa, ndipo karatasi ilipokuwa tupu mpaka juzi, kwa sababu kila tulipokaa kuandika hakuna aliyejua tuandike nini. Miaka kumi na mitatu marehemu alituambia kwamba anahesabu samaki, na miaka kumi na mitatu sisi tulicheka, kisha tukanuna, kisha tukaanza kuulizana pembeni, maana sisi ni watu wa ziwa na samaki tunawajua, samaki anahesabiwa akiwa kwenye beseni, akiwa amekufa, akisubiri mnunuzi, na hatujapata kuona mtu mzima anayelipwa mshahara kuhesabu samaki walio majini ambao yeye mwenyewe hatawavua. Kila mwaka kuanzia Juni alikuwa anapanda treni kwenda magharibi ya nchi hii, siku tatu, siku nne, anarudi ana harufu ya matope, ukimuuliza anasema samoni wamepanda ao samoni hawajapanda, na mimi Aristote ndiye niliyesema mbele za watu, naomba Agathe anisamehe kulirudia, kwamba mwanaume anayenuka mto kila wiki ana nyumba nyingine huko anakokwenda.

Juzi Alhamisi alikuja nyumbani bibi huyu aliyeketi karibu na nguzo, bibi Leena, ambaye wazazi wake walikuwa na duka Kisumu kabla ya kuhamia Neasden, na akatueleza kwa Kiswahili chake cha Kenya mambo ambayo mpaka sasa nayapanga kichwani, nami nitayasema kama nilivyoyaandika, bibi Leena, nikikosea unyooshe mkono. Samoni ni samaki anayezaliwa mtoni, anashuka baharini angali mdogo, anakaa huko mwaka mmoja, miwili ao mitatu, halafu anarudi kwenye mto uleule alimozaliwa ili atage, na njiani hali chakula, jambo ambalo nilimwomba bibi Leena alirudie. Kwenye mto unaoitwa Eldwen upo ukuta wa kuzuia maji, na ubavuni mwa ukuta wamejenga ngazi ya samaki, ngazi kweli, vidimbwi kimoja juu ya kingine, na samaki anaruka kutoka kimoja hadi kingine mpaka anafika juu, na pale juu anapita kwenye uwazi wenye upana wa mlango, mbele ya dirisha la kioo, na nyuma ya kioo ipo kamera, na picha zinakuja London kwenye ofisi ambayo mwaka 2012 kaka yangu alikuwa anaifanyia usafi.

Bibi Leena anasema asubuhi moja ya mwezi wa tano, yeye yupo mezani kwake kazini katika ofisi hiyo na kaka yangu anapangusa madirisha, kaka yangu alisimama mbele ya skrini muda mrefu, kisha akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, akidhani anaongea peke yake, nani anasafisha kioo hiki, maana picha ilikuwa ya kijani na kioo kule mtoni kimeota ukoga, na bibi Leena akamjibu kwa Kiswahili kwamba hakuna anayekisafisha, na kaka yangu alishtuka mpaka akaangusha ndoo. Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili, kaka yangu akavaa suruali za mpira hadi kifuani, akaingia majini na brashi yake mwenyewe aliyotoka nayo Walthamstow, akasugua kioo kile pande zote mbili, na kuanzia hapo picha ziliporudi London zilikuwa safi kiasi kwamba mtu aliweza kuona magamba, na aliyeyaona magamba yale alikuwa yeye. Alimwonyesha bibi Leena kwamba mashine yao inahesabu kila kinachopita, jani, fisi maji, mkunga yule samaki kama nyoka, na kwamba samaki akipanda, akachoka, akarudishwa na maji chini, akapanda tena, mashine inamhesabu mara mbili, na yeye anamjua kwamba ni yuleyule kwa sababu ana alama ya meno ya sili, mnyama wa baharini anayewala, juu ya mkia. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2013 walimwajiri rasmi, cheo chake kimeandikwa hapa kwa Kiingereza na Raïssa amenifundisha kukitamka ila nimekisahau, kwa Kiswahili ni mhesabu wa samoni.

Niliuliza kazi hiyo ni ya faida gani, na jibu lake ndilo lililonichanganya zaidi. Mto ule una wavuvi, lakini si wavuvi kama wa Kalundu, ni watu wanaosimama majini tangu asubuhi kwa starehe yao, wanalipa ili wasimame, na mmoja wao akimpata samoni anampima, anampiga picha, halafu anamwachia aende, na wenzake wanampongeza. Mama yetu Emérence angesikia hayo angewaitia daktari. Lakini bibi Leena anasema hata samaki aliyeachiwa anaweza kufa kwa uchovu, kwa hiyo upo mkataba kati ya shirika lao na chama cha wavuvi hao, kwamba kila mwaka ikifika mwisho wa Septemba lazima samoni mia nane wawe wameshapita dirishani, wakitimia uvuvi unaendelea mpaka mwisho wa Oktoba, wasipotimia mto unafungwa na ndoano zote zinatoka majini, ili wale wachache waliobaki wafike wakatage kwa raha.

Sasa nasoma mwaka 2021, na naomba mnivumilie. Mama Emérence alifariki Uvira Ijumaa tarehe 1 Oktoba 2021, na mazishi yakapangwa Alhamisi tarehe 7, na Séraphin ndiye mtoto wa kwanza, ndiye wa kutangulia nyuma ya jeneza na kutupa udongo wa kwanza, tiketi zetu mbili zilikuwa tayari, vipimo vya korona tulikuwa tumepangiwa saa ileile, na Jumamosi tarehe 2 alinipigia simu akaniambia maneno haya tu, Aristote, samaki banapanda, siwezi toka. Nilimwuliza kama anacheza na mimi, akarudia maneno yaleyale, akalia, nikakata simu.

Nilikwenda peke yangu. Pale kaburini Mulongwe watu wote walitazama nyuma yangu wakimtafuta mkubwa wangu, na mchungaji akaniuliza mbele ya umati yaya yako, yaani kaka yako mkubwa, yuko wapi, na mimi nikasimama na udongo mkononi nikasema Séraphin amelazwa London kwa korona, anapumua kwa mashine, na umati wote ukaguna kwa huruma, wakamwombea, wazee wanawake wawili wakapiga magoti kwenye mchanga kumwombea mtu ambaye alikuwa mzima kabisa. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu, nalisema leo kwa mara ya kwanza. Niliporudi London nilikuwa na hasira ambayo sikujua niitue wapi, ndipo nikaitisha kile kikao cha Novemba, nikamwita mwongo, na yeye alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango akasema tu kwamba ni kweli anahesabu samaki, akavaa koti lake, akaondoka, na miaka minne hatukusalimiana, hata tulipokutana ana kwa ana kwenye foleni ya soko.

Hiki ndicho alichonieleza bibi Leena juzi. Mwisho wa Septemba mwaka huo mashine ilikuwa imehesabu samoni 846, na kaka yangu alikuwa amehesabu 771, kwa sababu maji yalikuwa machache na samaki wengi walikuwa wakipanda na kurudishwa chini mara mbili, mara tatu. Chama cha wavuvi kilikataa, wakasema mtu aliyekuwa msafisha ofisi hawezi kuishinda mashine, na ikaamuliwa kwamba tarehe 5 na 6 Oktoba kaka yangu asimame kwenye ukumbi kando ya mto, mbele yao wote, aonyeshe picha moja baada ya nyingine, samaki kwa samaki, akithibitisha huyu ni yuleyule na huyu ni mwingine, na asipokuwepo hesabu ya mashine ndiyo ibaki, kwa sababu hapakuwa na mtu wa pili katika ofisi ile aliyeweza kuwatambua. Alisimama siku mbili. Mto ulifungwa tarehe 9, na bibi Leena anasema siku ile ya pili, kabla ya kuingia ukumbini, alimwambia kwamba mama yake amekufa na kesho anazikwa, na kwamba mama huyo ndiye aliyemkataza tangu utotoni kuuza samaki wa jana kwa jina la wa leo, kisha akanawa uso bombani akaingia.

Wapendwa, nimelala siku mbili na maneno hayo na sijui niyaweke wapi. Nilimwuliza bibi Leena kwa nini kaka yangu hakuniambia hivyo kwenye simu, akasema hajui. Nikajiuliza kama angeniambia ningemwelewa, nadhani ningekata simu vilevile. Nilimwuliza pia kama samaki wale waliopona mwaka 2021 waliongeza chochote, maana mwaka huu, miaka minne baadaye, wamepita samoni 1,204, nikitumaini atasema ndiyo ili moyo wangu utulie, akasema hawezi kuapa, bahari ina mambo yake, mwaka mzuri unaweza kuja wenyewe. Na hawa wageni sita wa nyuma, ambao wametoka kwao saa kumi na moja alfajiri, kumbe ni wale wavuvi wa starehe waliofungiwa mto. Mzee wao alinishika mkono mlangoni na Israël akanitafsiria, kwamba mwaka 2019 alijisifu kwa wenzake kuwa amepata samoni wakubwa wawili ndani ya wiki moja, na marehemu akamwandikia barua yenye picha mbili, pezi lilelile lenye mkato uleule, akimjulisha kwa heshima kwamba amempata samaki mmoja mara mbili, na mzee alikasirika miaka miwili, na sasa barua hiyo ameitia fremu ukutani kwake. Nilimwuliza kwa nini amekuja, akasema hata yeye hajui vizuri.

Ugonjwa na kifo. Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 marehemu alianza kupungua mwili na kulalamika maumivu ya mgongo, na tarehe 11 Machi madaktari waligundua saratani ya kongosho, akatibiwa hospitalini na nyumbani, na aliendelea kutazama samaki wake kwenye kompyuta ndogo aliyowekewa kitandani. Mimi nilikwenda kumwona mara moja tu, Jumatano tarehe 29 Oktoba, baada ya Raïssa kunipigia simu akilia kwa Kiingereza, nikamkuta ameegemea mito mitatu, mikono imebaki mifupa, na sikujua nianze na salamu ao na mama, lakini yeye aligeuza kioo cha kompyuta ile upande wangu, akanionyesha samaki mmoja na halafu samaki mwingine, akaniuliza, huyu ni yuleyule ao mwingine, nikatazama kwa bidii, nikasema sijui, yaya, na akasema, ni vizuri, kama haujue sema haujue, akanishika kidole akasinzia. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nane na dakika kumi mchana, Agathe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili na mdogo wake mmoja. Na kwa kuwa waliokuwa sebuleni kwangu siku ile wote wapo hapa, nimewahesabu nilipokuwa nasoma na hakuna aliyekosa, nasema hivi. Kaka yangu alisema anahesabu samaki, na alikuwa anahesabu samaki. Mwongo katika nyumba ya mama Emérence alikuwa mmoja, alisimama kaburini kwake na udongo mkononi akasingizia ugonjwa, naye ndiye huyu anayewasomea. Neno nililolitamka tarehe 14 Novemba 2021 nalitoa lote, la uongo na la nyumba nyingine, Agathe, nalitoa. Hasira ya kuniacha peke yangu Mulongwe sijaimaliza, siwezi kusema nimeimaliza, na kama kuna anayejua mtu anamzikaje kaka yake huku bado amemkasirikia, anifundishe tukitoka nje.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyeruhusu kompyuta kitandani kinyume cha utaratibu, inawashukuru majirani wa mtaa wetu waliopika siku zote hizi bila kuulizwa, wanakwaya, bibi Leena na ofisi yake yote, na ninyi wageni kutoka mtoni ambao tumeshindwa kuwaelewa lakini tumewaandalia chakula, msiondoke kabla ya kula.

Lala kwa amani, yaya Séraphin. Na wale walioshika makoleo kule makaburini naomba wasianze, wanisubiri, mkono wangu ndio wa kwanza.